Pini Iliyozidi Unywele

Ufa uliokuwa kwenye kitako cha bunduki ya baba ulitokana na bega la mtu. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wanaponiuliza habari za bunduki ile huniuliza kana kwamba ilikuwa kinanda cha kanisa, kitu kizuri cha zamani, na mimi sina hamu ya kumdanganya mtu. Baba alimkuta jamaa mmoja shambani kwetu akivunja mahindi mabichi. Aliishika bunduki kwa mtutu, akamshushia kitako begani, mbao ikapasuka na mfupa nao ukapasuka. Yule mtu alipona, akabaki na bega lililolala upande mmoja, na kwa miaka mingi aliuza chumvi katika soko la Kamina, mji wetu wa reli. Kila tulipopita alimsalimia baba kwa heshima, na baba aliitikia bila kusimama.

Baba alikuwa mashinisti, yaani dereva wa treni. Mzungu aliyekuwa mkuu wa depo, kituo cha injini, alipoondoka kwa haraka, miaka ya uhuru, alimwachia baba vitu viwili: mbwa na bunduki. Mbwa alikufa kabla mwezi haujaisha. Bunduki ilikaa. Ilikuwa ndogo na nyepesi, yenye mtutu wa pande nane, na chini yake leva, yaani ule mkono wa chuma wenye tundu la vidole unaouvuta chini na kuurudisha juu ili risasi iingie. Risasi zake zilikuwa fupi kama kipande cha chaki. Kazi yake ilikuwa kanga na njiwa, basi. Hata hivyo mtu akikupiga nayo kifuani kutoka mlangoni, hutaona tofauti yoyote kati ya wewe na kanga.

Baba alipokufa niliitoa darini ikiwa imefungwa kwenye gunia, imeota kutu kila mahali, leva haishuki. Niliirudisha palepale. Nilikuwa ajisteri katika atelieri, yaani karakana, ya depo, kazi yangu ni kupima na kulainisha vyuma mpaka viingiane, na kutwa nzima ya vyuma ilinitosha.

Kisha askari wakapora mji, mara ya kwanza, na raia wakawafuata nyuma yao kuokota kilichobaki. Atelieri yetu ilibebwa mchana kweupe. Nilimwona jirani yangu, mtu tuliyeketi naye benchi moja kanisani, akitoka langoni na jiliwa langu kichwani, lile jiliwa zito la kubania vyuma nililofanyia kazi miaka kumi na moja. Nilimpiga ngumi ya shavu. Jiliwa likamwangukia mguuni na kumponda vidole viwili. Nilimwacha chini akipiga kelele, nikalibeba jiliwa mpaka nyumbani kwangu, kambi ya reli, na siku hiyo sikuona haya hata kidogo. Tupa zangu nzuri zote, zile laini za kumalizia kazi, zilikuwa zimekwenda. Nilizitafuta sokoni kwa wiki kadhaa nikiwa na hasira ya kuweza kumuua mtu, sikuzipata.

Treni zikaanza kukosekana. Ilipita wiki bila hata moja, kisha mwezi. Tulikwenda kazini kukaa. Mwanamume aliyezoea kushika chuma akikosa chuma huwa mbaya nyumbani, na mimi nilikuwa mbaya. Mke wangu ndiye aliyenikumbusha kwamba kuna bunduki darini. "Shusha ile kitu ya papa yako," aliniambia, "utengenezake, utuachie amani." Nadhani alijuta baadaye, ingawa hajawahi kulitamka.

Niliilaza kwenye mafuta ya taa siku nane. Nilifungua parafujo moja moja, na kila kipande nilichokitoa nilikipiga namba kwa patasi ndogo, kama tulivyofanya kwenye mikono ya injini, ili kila kimoja kirudi mahali pake na si pa mwenzake. Kutu niliisugua kwa majivu na mafuta ya mawese. Mtutu niliuchemsha katika sufuria kubwa ya mke wangu, ile ya ugali wa wageni, nikauacha ushike kutu nyembamba, nikaisugua, nikauchemsha tena, mara sita, mpaka chuma kikawa cheusi chenye bluu ndani yake. Sufuria haikufaa tena kwa chakula. Tulitukanana kwa sababu yake mchana mzima, na binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alikaa kati yetu akicheka mpaka tukaona aibu.

Kitako sikukibadilisha. Niliutia ufa gundi ya ngozi, nikaufunga kwa waya wa shaba. Mti ule ulikuwa wa baba, na lile bega la muuza chumvi lilikuwa la baba pia.

Kilichobaki ni pini ya kugongea. Ilikuwa imevunjika ncha. Bunduki za aina ile pini haigongi katikati ya risasi, hugonga ukingoni, na ukifyatua bila risasi ndani pini inapiga chuma kitupu cha mtutu. Baba alipenda kufyatua vile akiwa ameketi, tak, tak, jioni nzima, akisikiliza redio. Basi nilichonga pini mpya kutoka kwenye kipande cha springi ya behewa. Hapo ndipo nilipokosea, na lilikuwa kosa la mtu wa atelieri, maana fundi wa mtaani asingelifanya. Sisi tulifundishwa kwamba kipande kipya kiachwe kinene kidogo, kisha kipunguzwe kikiwa kimeshaingia mahali pake, kwa sababu chuma ulichokitoa hakirudi. Nikakiacha kinene. Kwa haraka ya kutaka kuona kazi yangu ikiwaka, nikakichoma na kukizamisha kwenye mafuta kabla ya kukipunguza, na chuma kikawa kigumu. Sasa kilihitaji tupa ile laini niliyokuwa nimeporwa.

Pini ilizidi unywele mmoja. Nilijiambia unywele si kitu.

Tulikwenda kuijaribu upande wa mashamba, mimi na binti yangu. Nilitia risasi, nikarudisha leva juu kwa nguvu kama nilivyomwona baba akifanya, na bunduki ikalia yenyewe, kidole changu kikiwa mbali kabisa na kifyatulio. Risasi iliingia ardhini karibu na unyayo wa mtoto. Udongo ulimrukia mguuni. Aliniangalia akatabasamu, hakuwa ameelewa, na mimi kwa hofu nilimpiga kofi lililomwangusha. Mpaka leo mkono wangu unalijua kofi lile. Nilimwinua, nikamfuta vumbi, nikamweleza kilichotokea: leva ikifungwa kwa nguvu, pini inatangulia na kugonga risasi yenyewe. Ikifungwa polepole, hailii.

"Basi tutafungaka polepole," alisema, huku shavu lake limevimba.

Ningeweza kuimaliza pini ile kwenye jiwe la kunolea visu. Mke wangu alikuwa nalo jikoni. Lakini ajisteri hamalizi kazi kwa jiwe la jikoni, ndivyo nilivyomjibu mtu yeyote aliyenishauri, na nilikuwa mtu wa kiburi. Niliamua kungoja tupa. Kwa kuwa kazi haijaisha, nilifanya tunavyofanya reli: nilifunga kitambaa chekundu kwenye leva. Depo, injini ikiwa na mtu chini yake hufungwa kitambaa chekundu, na anayekifungua ni yule aliyekifunga, hakuna mwingine. Niliwahi kuona siku mtu alipokifungua kitambaa cha mwenzake ili awahi kula. Mwenzake alibanwa kati ya injini na behewa, akasimama pale dakika nzima akituangalia, kisha tukavirudisha nyuma na akaanguka. Toka siku hiyo kitambaa chekundu kwangu si mchezo, na familia yangu yote ilijua maana yake.

Hivyo ndivyo bunduki ilivyoishi, na ubovu wake na kitambaa chake. Binti alikuwa na shabaha kunishinda. Tulipotoka kuwinda nilikifungua kitambaa kwa mkono wangu, nikampa, naye alifunga leva taratibu kama anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Tulikula kanga wake nyakati ambazo wengine kambini walikula majani ya mihogo matupu.

Vita vikatoka mashariki. Tulivisikia redioni kwanza, mji baada ya mji, kisha tukaviona: askari wa serikali waliokuwa wakikimbia, wakifuata reli kwa miguu kutoka upande wa Kabalo, wengine na viatu, wengine bila, wote na njaa na silaha. Walivunja maduka. Walimpiga risasi mlinzi wa ghala mlangoni kwa sababu alichelewa kupata ufunguo, na nilipopita alikuwa bado ameketi, ufunguo mkononi. Kilichotutisha zaidi ni kwamba walichukua watu wa kuwabebea mizigo. Wanaume waliochukuliwa wengine walirudi. Wasichana hawakurudi, au walirudi kwa namna ambayo mama zao waliwafungia ndani. Binti yangu alikuwa ametimiza kumi na sita. Mke wangu alimpaka masizi usoni na kumvika nguo za bibi yake, na tulipanga kwamba kesho yake asubuhi atapelekwa kwa wajomba zake Mulongo, kwenye mabwawa ambako askari hawapendi kuingia.

Walikuja asubuhi hiyohiyo, saa tatu, wakati anakunywa chai.

Walikuwa wawili. Mmoja mrefu, mwenye kofia ya kijeshi na saa mbili kwenye mkono mmoja. Wa pili mwembamba, kijana, miguu imefungwa matambara na inanuka. Hakuwa amemzidi binti yangu zaidi ya miaka mitatu. Mrefu hakusalimia. Alinipiga kitako cha bunduki mdomoni, jino likatoka, akanipiga tena mbavuni nilipoinama, na mara ya tatu nilisikia kitu kikivunjika ndani yangu. Alitaka kujua nimeficha nini. Nilimwambia sina kitu. Alichukua singe, akatoboa dari yetu ya mikeka mara nne, na mara ya nne singe ikagonga chuma.

Bunduki ya baba ilianguka juu ya meza, ikavunja kikombe.

"Weye iko rebele," aliniambia kwa Kiswahili chake cha barabarani, yaani mimi ni mwasi.

"Hapana, mukubwa. Iko ya papa yangu. Ni ya ndege."

Nilitegemea ataniua hapo. Badala yake aliishika, akaigeuzageuza, akatelezesha kidole kwenye ule weusi nilioupika mara sita katika sufuria ya mke wangu, na uso wake ukalegea. Aliipenda. Ilikuwa nzuri kweli, na nitalisema hili ingawa ni aibu: damu ikinitoka mdomoni, nilijisikia vizuri kwamba ameipenda. Aliketi kwenye kiti changu, akamwambia mwenzake kwa Kilingala afunge mizigo. Kijana alichuchumaa kizingitini, akaanza kufunga sukari yetu, nguo zetu, sufuria zetu ndani ya blanketi. Mrefu akamnyooshea binti yangu kidole.

"Ule atabeba."

Mke wangu alipiga magoti. Aliomba kwa jina la Mungu, akataja ugonjwa ambao mtoto hakuwa nao, akajitoa abebe yeye. Mrefu hakumsikiliza. Alimwambia binti aondoe masizi usoni, amwone vizuri. Binti akajifuta kwa upande wa nguo ya bibi yake.

Sijui wengine hufikiri nini wakati huo. Mimi sikumfikiri Mungu. Nilikuwa naangalia mtutu.

Mrefu alikuwa amelaza bunduki ya baba mapajani. Aliona kitambaa. "Oyo nini? Iko dawa?"

"Ile iko alama ya reli," alianza mke wangu, mtu mkweli, akiwa bado amepiga magoti, "iko maana—"

"Iko ya kushikia," nilimkatiza. "Mafuta inatelezaka."

Mke wangu alinitazama. Nilimtazama vibaya mpaka akashusha macho. Mrefu alikichana kitambaa kwa meno, akakitema sakafuni. Nilikuwa na pakiti ya risasi iliyoanguka pamoja na bunduki, na alizijaza moja moja kwenye bomba la chini ya mtutu, saba. Mtutu ulikuwa umeelekea mlangoni. Mlangoni kulikuwa na yule kijana, amechuchumaa, akihangaika na fundo la blanketi. Mke wangu na mtoto walikuwa pembeni, upande wa jiko.

"Inafungaka namna gani?" aliuliza mrefu.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwambia alivyofundishwa binti yangu. Hesabu yangu ilikuwa hii, na niliifanya kwa utulivu unaonitisha sasa: mmoja akianguka, wa pili atakuwa peke yake, na mtu aliyebaki peke yake katika nyumba ya watu, ndani ya mji unaotoroka, hukimbia. Huyu mrefu ndiye niliyemchukia. Lakini ndiye aliyeshika bunduki, na bunduki haiangalii mwenye kuishika.

"Vuta chini mpaka mwisho," nilisema. "Kisha funga na nguvu, mukubwa. Usiogope. Iko muzee, inapenda nguvu."

Alivuta leva chini. Risasi ikapanda. Kisha, badala ya kufunga, alisimama. Leva ikiwa wazi mkononi mwake, alimwambia binti yangu, "Beba, twende," na binti akatembea kuelekea mlangoni. Kijana naye alisimama kumwachia mzigo, akabaki palepale kizingitini mbele yake. Sasa mtutu ulikuwa umeelekea mgongo wa mtoto wangu, hatua nne, labda tatu.

Nilifungua mdomo. Kulikuwa na damu, kulikuwa na pengo la jino, na hakuna kilichotoka. Nimejiuliza mara nyingi kama kweli sikuweza kusema ngoja, au kama hata hapo sehemu yangu moja ilikuwa bado inapiga hesabu.

Binti alipiga magoti mbele ya mzigo. Mrefu akafunga leva kwa nguvu, kama nilivyomwelekeza.

Mlio wake ulikuwa mdogo, wa ubao unaopasuka. Kijana alijishika chini ya mtulinga, akasema kitu kifupi, akaketi kizingitini taratibu. Mrefu aliangalia bunduki. Aliangalia kidole chake, ambacho hakikuwa kwenye kifyatulio. Kisha aliangalia kile kitambaa chekundu sakafuni, chenye mate yake, na nikaona hofu ikimwingia usoni, hofu ya mtu aliyekichana kitu asichokijua. Aliitupa bunduki. Alinyakua silaha yake na ya mwenzake, akamruka mwenzake mwenyewe pale kizingitini, na akiwa uani akamimina risasi ovyo ukutani kwetu. Mtungi wa maji ulipasuka. Risasi moja ilipita kwenye mlango wa kabati na kuua kuku wa mayai aliyekuwa nyuma yake. Kisha tukasikia viatu vyake vikikimbia kuelekea reli.

Kijana alikufa saa nane mchana. Risasi ile ndogo haikumtoboa mpaka nyuma, ilibaki ndani, na kila alipovuta pumzi povu jekundu lilimtoka mdomoni na puani. Mikono yake ilikwaruza mkeka. Tulimlaza kitandani kwetu kwa sababu hapakuwa na pengine. Mke wangu alimwombea. Binti yangu alimpa maji kwa kijiko, akamfungua matambara ya miguuni, akamwosha vidonda, na kijana alimtajia jina la mama yake na la kijiji chao, mbali, kule kwenye mto mkubwa. Aliniita papa. Aliniambia haikuwa makosa yangu, bunduki ni mzee. Nilimwambia apumzike.

Tulimzika nyuma ya depo, mimi na mafundi wawili, mbavu zangu zikiniuma kila nilipoinua koleo. Kesho yake nilibana mtutu wa baba kwenye jiliwa na kuukunja mpaka ncha yake ikaangalia nyuma. Kitako nilikitia motoni jikoni. Mke wangu alipikia chai.

Askari wapya waliingia mjini wakiimba, wengine watoto kabisa, na vita vikahamia kwa watu wengine. Jumapili ya kwanza mke wangu alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema malaika aliweka mkono kwenye bega la mtoto akamwinamisha, na risasi ikampita juu ya kichwa. Watu walipiga vigelegele. Jirani yangu mwenye vidole vilivyopondeka alipiga kuliko wote. Mke wangu ni mke wa reli. Anajua kitambaa chekundu maana yake nini, na alisikia nilivyomkatiza maneno. Hata hivyo alimchagua malaika, na kila mwaka, majira yaleyale, alisimama tena na kumshukuru. Nilikaa kwenye benchi nikiangalia viatu vyangu. Niliibeba siri ile peke yangu, na nakiri kwamba kuibeba peke yangu kulinipa kiburi fulani. Nilijiona mtu aliyejichafua ili wengine wabaki safi.

Binti aliolewa Kaniama, kwa mwalimu. Siku moja alikuja kututembelea na mtoto wake mgongoni, mama yake akiwa sokoni, na tuliketi uani tukimenya karanga katika beseni, mimi na yeye. Nilikuwa nimezeeka. Nilitaka mtu mmoja ajue kabla sijafa. Nikamwambia yote: hesabu niliyoipiga, mtutu ulipoelekea, na kwamba lile neno la funga na nguvu nililisema makusudi.

Hakuacha kumenya. "Papa, miye nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Ulinifundishaka kufunga polepole. Vile ulimuambia na nguvu, nilijua unatafuta nini. Vile alisimama, nilijua bunduki iko ku mugongo yangu. Ndo maana nilipiga magoti."

"Mama yako anasema ni malaika."

"Mama aseme."

Alimwaga maganda chini, akachukua konzi nyingine. Mtoto mgongoni alikuwa amelala.

"Papa, yule kijana alikuwa mbele yangu karibu-karibu. Nilimusikia anapumua. Nilikuwa na wakati ya kumuvuta mukono, tungeanguka wote wawili. Mukono yake ilikuwa hapa." Alinionyesha, umbali wa beseni. "Nilimuangalia. Niliwaza, akikufa huyu, ule mwingine atakimbia. Nikashuka peke yangu."

Ilikuwa hesabu yangu, neno kwa neno. Mtoto wa miaka kumi na sita aliipiga katika chumba kimoja na mimi, kwa muda uleule, na kisha akachukua kijiko akamnywesha yule kijana maji mpaka saa nane. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikiamini nimemtoa mzima.

Sikulia siku ya askari, wala siku ya kuzika. Nililia pale uani, mchana, mbele ya binti yangu. Aliniacha nilie, akaendelea kumenya, na karanga za upande wangu alizimenya yeye.